Viatu Vipo, Mgeni Yumo

Ilikuwapo nchi moja iitwayo Kitulizo, na asiyeijua asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani za huko huchapishwa na serikali yenyewe na hutolewa zikiwa na makosa ya makusudi. Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kukamatwa. Hilo tulielewe mapema, tusije tukaitwa wachochezi. Watu wa Kitulizo hawakamatwi, hualikwa. Gari jeupe husimama mlangoni, vijana waliofunga tai hushuka, huamkia wazee, huulizia hali ya mazao, kisha humchukua mwalikwa wakampeleka Wizara ya Ukarimu kunywa chai.

Na kwa kuwa ni Wizara ya Ukarimu, mgeni haingii na viatu. Barazani, nje ya mlango mkubwa, ipo rafu ndefu ya chuma yenye vijumba vidogo vidogo. Kila mgeni huvua viatu vyake akaviweka katika kijumba kimoja, kama afanyavyo mtu anayekwenda kwa shemeji yake. Kisha hutaja mpokeaji, yaani yule atakayekuja kumchukua mazungumzo yakiisha, pamoja na namba yake ya simu. Chini ya kila kijumba pana kidude cha kupima uzito. Viatu vikiwekwa, mfumo wa kompyuta uitwao Mwenyeji hujua kwamba mgeni ameingia. Vikiinuliwa, Mwenyeji hujua ameondoka, na hapo humtumia mpokeaji ujumbe wa kumwita. Utaratibu huu ulibuniwa na Mheshimiwa Kasindi Ngoda alipokuwa bado afisa habari kijana, na ndio uliompandisha ngazi hadi akawa Waziri.

Kati ya kuingia na kuondoka, Mwenyeji hakai kimya. Kila baada ya muda mfupi huandika katika kumbukumbu zake mstari mmoja kwa kila kijumba chenye kitu: Viatu vipo. Mgeni yumo. Kisha hurudia tena, na tena. Ulikuwa utaratibu mzuri wakati ule watu walipokuwa wanaingia na kutoka. Miaka ikapita, wakawa wanaingia.

*

Sikudhani Mbaruku ndiye aliyekuwa Mkurugenzi wa Nafasi. Nchi nyingine zina wakurugenzi wa barabara na wa mifugo, Kitulizo ilikuwa na wa nafasi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha diski kubwa ya serikali haijai. Kila asubuhi alizibana kumbukumbu za zamani zichukue mahali padogo, akafuta zilizopitwa na wakati, akaacha za karibuni. Katika diski hiyo mlikuwa na nchi nzima: pensheni za wazee, kadi za hospitali, vyeti vya kuzaliwa, na nyimbo zote za kumsifu Rais zilizopangwa kwa herufi.

Alikuwa mfanyakazi mzuri, na alikuwa na siri ambayo kila mtu ofisini aliijua. Kabla ya kugusa kitu chochote asubuhi, alitafuta kwanza mstari wa kijumba kimoja cha rafu ya chini. Humo mlikuwa na raba nyeupe za mdogo wake, Kibwana, zilizowahi kuchanika ubavuni na mama yao akazishona kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Kibwana alikuwa amepiga simu redioni kuuliza maji ya bomba yamekwenda wapi. Swali lenyewe halikuwa baya, ila alicheka kidogo alipouliza. Kesho yake akaalikwa.

Viatu vipo, ndivyo ulivyosema mstari. Mgeni yumo. Sikudhani akiusoma ndipo alipoweza kunywa chai.

Jioni, akirudi nyumbani, mama yake Bi Chausiku humngoja jikoni na simu yake ndogo ya vibonye, ambayo haikuwahi kuzimwa tangu Kibwana aondoke, maana yeye ndiye aliyetajwa kuwa mpokeaji.

"Yumo?" huuliza mama.

"Yumo, mama."

"Alhamdulillahi."

Basi chakula kikapakuliwa. Maisha ya nyumba ile yalisimama juu ya neno hilo moja. Sikudhani alijua vizuri, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwamba Mwenyeji hajui lolote kuhusu mgeni. Mwenyeji anajua viatu. Lakini hakuwahi kumwambia mama yake, na kusema kweli hata nafsi yake mwenyewe alikuwa hajaiambia. Aliogopa.

*

Siku diski ilipojaa, nchi ilisimama. Hospitali ya mkoa ilishindwa kuandikisha watoto wanaozaliwa, ikabandika tangazo kuwaomba wajawazito wavute subira mpaka mfumo urudi. Mahakama ilishindwa kuhukumu, jambo lililopokewa vizuri. Wazee waliofuata pensheni walipanga foleni hadi ng'ambo ya barabara, na mmoja alipofariki akiwa kwenye mstari, wenzake walimshikilia wima asipoteze nafasi yake.

Mheshimiwa Ngoda akaitisha kikao.

"Ndugu zangu," alisema, akavua miwani ili apigwe picha, "nimesikia watu wanalalamika kwamba nafasi imekwisha. Huo ni upotoshaji. Nafasi ya Kitulizo ipo palepale ilipokuwa siku ya uhuru. Kilichotokea ni kwamba vitu vimeingia ndani yake. Mkurugenzi, ni vitu gani?"

"Ni kumbukumbu za mfumo, Mheshimiwa."

"Za nini?"

Sikudhani akatazama meza. "Za wageni, Mheshimiwa. Mwenyeji anaandika kila mgeni ambaye bado yumo ndani."

"Wako wengi?"

Katibu Mkuu akamimina maji kwenye glasi iliyokuwa imejaa.

"Zifuteni," alisema Waziri.

Zikafutwa, tena kwa sherehe. Ilikuja bendi ya magereza, utepe ukakatwa mbele ya kompyuta, na Waziri mwenyewe akabonyeza kitufe. Faili lile kubwa likatoweka kwenye skrini, watu wakapiga makofi. Sikudhani alipopima diski, aliikuta imejaa vilevile.

"Imekuwaje?" aliuliza Waziri, tabasamu la picha likiwa bado usoni.

"Mheshimiwa, tumefuta jina. Mwenyeji alikuwa bado ameshika faili lenyewe mkononi anaandika. Sasa halionekani popote, ukilitafuta hulioni, lakini limo, na mahali pake limepakalia. Litaendelea kuwamo mpaka aliyelishika aliachie."

Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta yake. Katibu Mkuu akatazama dirishani, na afisa mmoja wa mapokezi, ambaye mkewe alikuwa amealikwa msimu wa mvua uliopita, akatoka nje bila kuomba ruhusa.

"Unazungumzia faili?" aliuliza Waziri polepole.

"Nazungumzia faili, Mheshimiwa."

Wakamzima Mwenyeji ili aachie, wakamwasha upya. Kweli aliachia. Lakini alipoamka, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukagua rafu, kijumba kwa kijumba, kama mama aliyeshtuka usingizini akahesabu watoto. Akaanza kuandika upya kwa bidii kuliko zamani, na kabla ya wiki kwisha diski ilikuwa imejaa tena.

Wakapitisha amri ya kumkataza kuandika. Hapo ikagundulika kwamba Mwenyeji aliundwa hawezi kufungua mlango wowote bila kuandika kwamba ameufungua. Milango yote ya Wizara ikabaki imefungwa, na Mheshimiwa Ngoda alikuwa chooni. Alikaa humo mpaka baada ya chakula cha mchana, na hotuba yake fupi kuliko zote aliitoa kupitia tundu la ufunguo. "Mwacheni aandike!" alisema, na yasemekana alikuwa analia. Waliosimama nje wanadai alilalamika pia kwamba kuna mtu mwingine mle ndani aliyekuwa anavuta pumzi, ingawa choo cha Waziri ni cha mtu mmoja.

*

Aliyejua zaidi habari za rafu ni Mzee Lugendo, mpangusaji wake. Sikudhani alimwendea barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona Kibwana?" Alisema hivyo kama mtu anayemkaribisha jamaa wa mgonjwa wodini.

Sikudhani akainama mbele ya kijumba. Raba zilikuwepo, na uzi wa bluu ulikuwepo. Alitaka kuzigusa akakumbuka kwamba haruhusiwi.

"Soli zake zimekwisha," alisema kwa mshangao. "Alipoziacha zilikuwa nzima."

"Zote zinakwisha."

"Viatu visivyovaliwa vinakwishaje, mzee?"

Mzee Lugendo alikunja kitambaa chake kwanza. "Mimi napangusa tu. Jioni naviacha vikavu, vinang'aa. Asubuhi navikuta vina tope. Tope jekundu. Hapa mjini kote, wewe umewahi kuona udongo mwekundu?"

"Sijawahi."

"Hata mimi. Nilipeleka taarifa juu. Wakaniongezea dawa ya viatu."

Rafuni mlikuwa na viatu vya kila namna. Mlikuwa na viatu vya shule, na kandambili ambazo moja ilifungwa kwa waya. Kijumba cha juu kabisa kilikuwa na viatu vya ngozi ya mamba, vya yule aliyekuwa Waziri wa Ukarimu kabla ya Mheshimiwa Ngoda. Kila alipopita hapo Mheshimiwa Ngoda aliinua macho akatazama dari, na mafundi wa Wizara, wakidhani dari ina kasoro, walikuwa wameipaka rangi mara nyingi mno.

Siku ya kikao cha mwisho, ni Mheshimiwa Ngoda mwenyewe aliyepata jawabu. Alisimama na uso wake ukang'aa kwa fahari.

"Tumehangaika na kumbukumbu," alisema, "kumbe tatizo ni viatu! Bila viatu, Mwenyeji ataandika nini? Viatu viondolewe. Serikali hii haishindwi na raba."

Makofi yakapigwa. Mzee Lugendo akaitwa ili aviondoe, akakataa.

"Niliajiriwa kupangusa," alisema. "Kumtoa mtu asiyetoka, hilo halimo kwenye kazi yangu."

"Basi afanye Mkurugenzi wa Nafasi," alisema Waziri. "Au Mkurugenzi angependa kualikwa chai?"

*

Jioni ile Bi Chausiku alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Yumo?"

Sikudhani alishika fremu ya mlango. Alijua kwamba kesho viatu vikishainuliwa hapatakuwa na mstari tena, na hapatakuwa na jibu la swali hili. Ilimjia waziwazi kwamba kwa miaka yote hii mdogo wake ameishi ndani ya sentensi ya mashine, na yeye ndiye atakayeikata. Alifikiria kukataa. Lakini alifikiria pia wale wazee waliokuwa wanamshikilia mwenzao wima, na wajawazito walioambiwa wavute subira. Na alifikiria chai ya Wizara, na mama yake akibaki peke yake na simu ile. Aliona haya kwamba hilo la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu zaidi.

"Yumo, mama," alisema.

"Mbona leo umelisema kwa shida?"

"Nimechoka tu."

"Alhamdulillahi," alisema mama, lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

*

Asubuhi Sikudhani alianzia rafu ya juu, kwa viatu vya ngozi ya mamba. Alipoviinua, sauti ikatoka ukutani, nzuri na ya kirafiki: "Asante kwa kututembelea. Karibu tena." Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Ngoda wa ujanani, iliyorekodiwa zamani alipokuwa na matumaini. Sikudhani alikuwa hajawahi kuisikia. Hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kuisikia.

Akainua kandambili za waya. "Karibu tena." Akainua viatu vya shule. "Karibu tena." Kila jozi aliiweka kwenye gunia, na kila jozi ilimwachia tope jekundu viganjani, bichi, la leo. Watumishi waliokuwa wamesogea kutazama walianza kurudi nyuma. Mzee Lugendo alisimama kando, kofia mkononi, kama tunavyosimama jeneza linapopita.

Raba za Kibwana alizibakiza mwisho. Zilikuwa nyepesi mno. Alizikumbatia kifuani na hakuzitia guniani.

"Asante kwa kututembelea," ilisema sauti. "Karibu tena."

Na papo hapo Mwenyeji akaachia kumbukumbu za waliohesabiwa kuwa wametoka, diski ikapata nafasi. Hospitali ikaandikisha watoto, pensheni zikatoka, mahakama ikahukumu. Mheshimiwa Ngoda akaingia redioni kutangaza kwamba wageni wote wa Wizara wameondoka salama salimini, wakiwa na furaha na afya tele. Alikuwa katikati ya neno "tele" simu ya Sikudhani ilipoita.

"Sikudhani, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya mama yake, nayo ilikuwa inakimbia. "Wameniandikia! Jirani kanisomea. 'Ndugu mpokeaji, mgeni wako ametoka. Njoo umpokee mlangoni.' Kibwana katoka! Niko njiani, nimemchukulia kanzu, atakuwa kakonda yule, zile nguo alizovaa zitampwaya. Mwambie asiondoke hapo. Mshike mkono, asiondoke!"

Sikudhani alitazama rafu tupu, kisha gunia, na ndipo alipoelewa kilichofanyika. Kila jozi aliyoinua ilikuwa imemwita mtu. Ujumbe ule ulikuwa haujatumwa kwa miaka mingi hata aliyeutunga alikuwa ameusahau, na yeye, Mkurugenzi aliyesoma mistari yote ya mfumo kila asubuhi, hakuukumbuka.

*

Walikuja kutoka pande zote. Hawakuwa na mabango, na hilo liliwachanganya sana askari, ambao walikuwa wamefundishwa kupambana na mabango. Walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, na chupa za uji, na mwanamke mmoja alikuja na mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kualikwa, amemvika viatu vipya. Yule afisa wa mapokezi alikuja na maua. Mke wa Waziri wa zamani naye alifika, amejipaka wanja vizuri. Wakasimama mbele ya baraza wakiutazama mlango mkubwa, na kila ulipofunguka walinyoosha shingo zote kwa pamoja.

Bi Chausiku alipenya hadi mbele. Alimwona binti yake, akaziona raba, akatabasamu.

"Umemshikia viatu. Yeye yuko wapi?"

"Mama, ni mimi niliyeviinua. Waliniamuru. Hakuna aliyetoka."

"Lakini kila siku uliniambia yumo."

"Mashine ilikuwa inasema viatu vipo, mama. Mimi nikakuambia yumo. Nilitaka iwe hivyo. Nisamehe."

Mama yake aliichukua raba moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye uzi wa bluu, kisha kwenye soli iliyolika na tope lake jekundu. Akaunusa udongo ule. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyejibiwa swali ambalo hakutaka kuliuliza. Hakulia. Alimkabidhi binti yake kanzu.

"Nipishe," alisema. "Mimi nimealikwa. Si wameniandikia wenyewe nije? Sasa nipishe nivue vyangu, maana nyumba ya watu haiingiwi na viatu."

Akavua kandambili zake, akainama kwa taabu, akaziweka katika kijumba cha Kibwana. Kidude cha chini kikalia kidogo. Akapita mlango mkubwa miguu mitupu, nao, kwa kuwa Mwenyeji hakuwa na sababu ya kumzuia mgeni, ukafunguka.

Mke wa Waziri wa zamani akavua viatu vyake vya kisigino. Afisa wa mapokezi akafungua kamba. Mwanamke mwenye mtoto akavua vyake, kisha vile vipya vya mtoto, akavipanga pamoja. Wakaingia mmoja mmoja, bila kusukumana, na ndani zilianza kusikika sauti zao zikiita majina, chumba hadi chumba, na kwenye ngazi za kushukia chini, majina ambayo yalikuwa hayajatamkwa kwa sauti katika nyumba ile. Rafu ilijaa, ikabidi Mzee Lugendo atandike jamvi. Yeye mwenyewe alivua makubazi yake baada yao, na hatukuwahi kuambiwa alikuwa anamtafuta nani.

Simu ya Sikudhani ikaita. Alikuwa Mheshimiwa Ngoda, yuko juu ofisini, na nyuma yake palisikika watu wakigonga mlango taratibu na kuuliza hodi.

"Mkurugenzi! Nafasi ikoje?"

Sikudhani alikuwa ameinama, anafungua viatu vyake. Hakuhitaji kusoma skrini kujua ilikuwa inaandika nini kuhusu kijumba cha rafu ya chini. Aliviweka viatu vyake kando ya kandambili za mama, akatupia kanzu begani.

"Inajaa, Mheshimiwa," alisema, akaingia.